Bei Iliyooshwa na Mvua

Mtaa mzima ulimwita Brashi. Hata mkewe, ambaye alikuwa na haki ya kumwita vingine, alimwita Brashi. Kazi yake ilikuwa kuandika na kuchora kutani: majina ya maduka, mkasi wa kinyozi, jino la mganga wa meno, ng'ombe wa buchani. Mkono alikuwa nao. Herufi zake zilisimama wima kama askari walioambiwa mkubwa anapita, na sifuri zake zilikuwa za mviringo mzuri hadi unatamani kuzitia mfukoni.

Ila Brashi alikuwa na makopo ya aina mbili, na maisha yake yote yalikuwa humo ndani ya makopo. Kopo la kwanza lilikuwa la chokaa, iliyokorogwa kwa maji na unga wa rangi kidogo. Hiyo ndiyo aliyowapaka wenye maduka wote, bila ubaguzi wala aibu. Mvua ikinyesha kidogo, rangi inapauka. Ikinyesha sana, rangi inahama. Ng'ombe wa buchani alipoteza pembe mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akapoteza kwato, na kufika wa tatu mwenye bucha alikuja mbio akihema.

"Brashi, wateja wananiuliza kama ninauza mbwa!"

"Mvua hiyo, ndugu yangu. Mimi na mvua hatujawahi kuelewana."

"Sasa?"

"Sasa tunamchora upya. Safari hii nitamnenepesha."

Kopo la pili lilikuwa la rangi ya mafuta, ile nzito ya dukani, ambayo ikishika ukuta imeshika, jua lipige, mvua imwage, mbuzi wajisugue. Hilo kopo alilifunika kwa mfuniko, juu ya mfuniko kitambaa, juu ya kitambaa tofali. Na rangi hiyo haikupakwa mahali pengine popote ila kwenye baa.

Sababu ilikuwa Shangazi. Mama huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani, lakini alipofungua baa yake alikuwa na sauti ya shangazi, kiuno cha shangazi na tabia ya kukuuliza umekula nini kabla hajakuuzia kinywaji, basi jina likamkaa. Siku ya kufungua alikuwa na kaunta ya mbao, mabenchi ya kuazima na ukuta mtupu. Akamwita Brashi.

"Niandikie jina, baba. Pesa sina, nisikudanganye. Lakini rangi yako ikiwa bado iko ukutani, glasi yako iko kaunta."

Alisema vile watu wanavyosema mambo, kwa mdomo tu. Brashi akaenda akanunua kopo la rangi ya mafuta kwa pesa aliyokuwa ameiweka ya viatu. Akaandika KWA SHANGAZI, na chini yake akachora glasi yenye povu, ingawa mle ndani kilichouzwa zaidi kilikuwa kile kikali cha kupima, kisicho na povu wala huruma. Miaka ikapita. Viatu vingekuwa vimekufa zamani. Rangi ilikuwa palepale, na kila jioni, jua likianza kulegea, Brashi alifika kaunta, akapewa glasi yake moja, akainywa wima, akasema ahsante, akaondoka.

Wenye baa wengine walipoona ukuta wa Shangazi haupauki wakauliza bei. Brashi akawaambia bei ni ileile ya Shangazi. Ndiyo maana jioni yake ilikuwa na mzunguko: Kwa Shangazi, kisha Njiapanda, kisha ile baa ya nyuma ya gereji. Glasi moja, glasi moja, glasi moja, nyumbani. Hakuwa mlevi. Alikuwa kama mtu wa maji anayepita kusoma mita.

"Waume za wenzangu pensheni yao iko benki," mkewe, Mama Pacha, alipenda kuwaambia wanawake sokoni, alikokuwa akiuza sabuni. "Wa kwangu pensheni yake iko ukutani. Na mlango wa nyumba yake mwenyewe haujaonja rangi tangu tuhamie. Mbao tupu! Mgeni akibisha hodi anatoka na vibanzi."

Na kweli. Kwenye kabati la Mama Pacha kulikuwa na kopo dogo la rangi ya mafuta, nyekundu, alilolinunua mwenyewe kwa ajili ya ule mlango. Kila mara Brashi alisema kesho.

Basi ikaja ile sheria.

Ilikuja kwa redio, mchana, watu wanakula. Serikali ilisema imechoka kuwazika wananchi wake na kuwaokota mitaroni, hivyo kuanzia mwezi unaokuja hakuna pombe itakayouzwa chini ya bei iliyopangwa. Anayetaka kuuza juu, auze. Anayetaka kuuza chini, afungiwe. Bei yenyewe ilipotajwa, wanywaji wa kile cha kupima waliacha kutafuna.

Jioni ile Kwa Shangazi palikuwa kama matanga, tofauti ni kwamba matangani kuna wanaocheka.

"Serikali inatupenda," alisema Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kukaa pembeni na kofia gotini, na kila jambo alilitolea maelezo hata lisilo na maelezo. "Inataka tuishi. Ukiangalia kwa undani, ni mapenzi."

"Mimi nipendwe glasi ikiwa mkononi," alisema Fundi Saa. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na mikono yake ilitetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, hapo ndipo ilipotulia akaweza kushika skrubu ndogo. "Bei ile nitafunguaje saa za watu? Kwa nyundo?"

"Punguza kunywa, utazoea."

"Wewe umepunguza?"

"Mimi naeleza. Sijasema natekeleza."

"Nyamazeni nyie!" Shangazi alifoka. "Nani atakuja kununua huku mnalia lia kaunta yangu nzima imelowa?"

Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Wanawake wa bombani walipiga vigelegele, ndoo zikasahauliwa zikafurika. Mama mmoja wa kwaya alisema hayo ni majibu ya maombi yake, akaongeza kwamba yeye aliomba ipigwe marufuku kabisa, ila Mungu anaanza taratibu. Mwenye bucha alinoa visu, akiamini wanaume sasa watakumbuka nyama. Dukani kwa muuza dawa watu wazima walianza kukohoa ghafla, wakataka ile dawa ya maji, ile tamu, chupa kubwa. Na kule kilimani, kwenye hoteli ya wenye tai, ambako kinywaji kilikuwa juu ya bei ya serikali tangu zamani, hawakuhisi hata upepo. Waliipongeza sheria kwa kuinua glasi.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Brashi.

"Bei ipande ifike darini," aliwaambia wenzake, amesimama wima na glasi yake. "Mimi inanihusu nini? Mimi sijawahi kujua hata ile ya zamani."

"Toka hapa," alisema Fundi Saa, na akamaanisha.

Kicheko hicho hakikuzeeka. Wiki ile ile alikuja mkaguzi, bwana mwembamba mwenye viatu visafi kuliko mtaa wenyewe. Alikuwa na maneno ya upole na kufuli kubwa jipya lililoning'inia kidoleni, akilichezesha kama mtu anavyochezesha funguo za gari. Akamweleza Shangazi kwamba bei mpya iandikwe ukutani, upande wa barabara, kwa herufi ambazo mtu aliye ng'ambo anaziona. Baa isiyo na bei ukutani, au inayouza chini ya bei hiyo, inapata kufuli. Alipokuwa akieleza, Brashi aliingia, akapokea glasi yake, akanywa, akasema ahsante, akageuka.

"Mbona yule hajalipa?" aliuliza mkaguzi.

"Yule wa ukuta," alisema Shangazi.

"Wa ukuta maana yake nini?"

Akaelezwa. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akautazama ukuta, akamtazama Brashi, akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake alikuwa mtu wa kufikiri.

"Mama, bure ni chini ya bei," alisema. "Tena bure ndiyo iliyo chini kuliko zote."

Baa nzima ikaangua kicheko ambacho Brashi alikisikia hadi nyumbani. Fundi Saa alicheka mpaka akajishika ubavu. Mwalimu alitamka kwamba, ukiangalia kwa undani, hii ndiyo haki yenyewe.

Na sasa, nani wa kuiandika hiyo bei? Mwandishi mtaani alikuwa mmoja tu. Kesho yake asubuhi Shangazi alimfuata kwake, akagonga ule mlango wa vibanzi.

"Baba, najua inauma. Lakini leseni yangu imekaa hapo. Niandikie na ile rangi yako nzuri, nisije nikakutwa ukuta mtupu. Hii baa ndiyo imesomesha watoto wa marehemu dada yangu, na wa mwisho bado yuko darasani."

"Nitaandika," alisema Brashi.

"Na glasi... nitafikiri. Nipe muda."

Mtu aambiwe achimbe kaburi la glasi yake mwenyewe, kisha aambiwe alichimbe vizuri! Brashi alipobeba ngazi alibeba pia kopo, na lile kopo lilikuwa la chokaa.

Kupaka kwenyewe kulikuwa vita. Alivuta uzi wake wa chaki ukutani, akapiga mstari, na kabla hajaandika herufi ya kwanza watu walishajaa chini ya ngazi, wakimtazama kama yeye ndiye aliyekaa huko juu akaipanga hiyo bei.

"Brashi, hiyo sifuri ya mwisho iache! Nani atajua?"

"Iandike ndogo basi! Iandike kwa aibu!"

"Mtu tuliyekula naye ndiye anatuandikia hukumu!"

"Mimi naandika tu," alisema Brashi juu ya ngazi. "Nikichora jino mnadhani nimeling'oa mimi?"

"Shuka tukuonyeshe!" Mtu mmoja akaitikisa ngazi, kidogo tu, kwa salamu.

Mama wa kwaya alipita akasimama upande wa pili, akampigia makofi kila herufi, jambo lililomfanya Brashi aonekane mbaya zaidi. Akamaliza. Herufi zilitoka nzuri, maana mkono haukujua kudanganya hata mwenyewe alipotaka. BEI YA SERIKALI, na tarakimu zake, na sifuri zile za kutia mfukoni.

Shangazi alitoka, akashika kiuno, akatazama.

"Hii ndiyo ile ile yangu?"

"Ile ile, Shangazi."

Neno dogo, na lilitoka bila kukwaruza. Jioni akafanya hivyo hivyo Njiapanda, kesho yake kule gereji. Halafu akaenda nyumbani akalala chali akiangalia mabati na kungoja mawingu. Hakuwa na mpango mkubwa. Alitaka tu ile bei isimtazame kila akipita. Alisema moyoni: ikija kufutika, itakuwa imefutika.

Majuma machache watu walikunywa kwa bei mpya, yaani waliketi. Fundi Saa aliinunua glasi moja akaikalia tangu adhuhuri, akiinusa zaidi kuliko kuinywa. Mama Pacha aliona mumewe anarudi nyumbani mapema, macho makavu, hana la kusema. Alifurahi siku mbili tatu, kisha kimya kile kikaanza kumchosha.

"Naipenda sheria hii," aliwaambia wenzake sokoni. "Ila wangemrudishia mdomo."

Ndipo mvua ikanyesha. Ilianza alfajiri, mvua ya kweli, mvua ya kugonga milango. Palipopambazuka, bei ya serikali ilikuwa imetelemka ukutani kwa Shangazi, ikavuka msingi, ikaingia mtaroni ikaenda zake. Jina la baa lilibaki liking'aa, na ile glasi ya povu, kama jana.

Wa kwanza kuona alikuwa Fundi Saa. Alitoka kibandani kwake, akatazama ng'ambo, akavua miwani ya kazi, akafuta, akavaa tena. Kisha akakimbia kwenye matope hadi kwa Mwalimu.

"Imefutwa!"

"Nini?"

"Bei! Wamefuta!"

Mwalimu alikuja, akausimamia ukuta mikono nyuma, kama anayesahihisha mtihani. "Tusikurupuke," alisema. "Ukuta mmoja unaweza kuwa bahati. Twende Njiapanda." Wakaenda. Njiapanda, ukuta mtupu. Wakaenda gereji. Mtupu. Waliporudi walikuwa kundi.

"Ukuta mmoja ni mvua," Mwalimu alitangaza mbele ya kaunta, "lakini kuta zote, siku moja, saa moja? Na majina ya baa yasiguswe, ifutwe bei peke yake? Mvua gani inajua kusoma? Hiyo ni kazi ya serikali. Ikitaka kutangaza inaandika, ikitaka kutengua inafuta. Wananchi tumelia, wamesikia."

Palilipuka makofi. Mtu mmoja alisema aliwaona kwa macho yake, walikuja na gari jeupe kabla hakujapambazuka. Mwingine akasema gari lilikuwa la bluu, wakashikana mashati kidogo.

Shangazi alisita. Redio yake ilikuwa kwa Fundi Saa, aliyesema ni nzima ila inangoja kipuri. Akatoka nje, akaugusa ukuta, akarudi. Akawatazama wateja wake wote waliokuwa wameloa, wamejaa, na nyuso za Krismasi. Baa ilikuwa haijajaa hivyo tangu ile sheria. Akashusha chupa.

"Haya. Bei ya zamani."

Brashi alifika jioni, na kabla hajafika kaunta tayari glasi ilikuwa imesimama inamngoja.

"Karibu, baba," alisema Shangazi, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Yako imerudi. Ya kwanza kabisa niliyoimimina ni hii."

Brashi aliishika. Alijua anachokijua. Pembeni Mwalimu alikuwa akieleza mara ya nne jinsi mvua isivyojua kusoma. Hapo ndipo mahali pa kusema. Sentensi moja tu, na isingekuwa ndefu. Brashi akainua glasi akainywa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kupaka kuta, kile kinywaji kilimpita kooni kama maji ya chokaa.

"Ahsante," alisema.

"Una nini? Umekunja uso."

"Kali tu."

Kesho yake alasiri alikuwa kwake anaosha brashi ambazo hazikuwa chafu. Mama Pacha akaingia mbio kutoka sokoni, sanduku la sabuni bado kichwani.

"Brashi! Mkaguzi yuko gereji, kakuta ukuta mtupu na watu wanakunywa bei ya zamani. Kufuli! Nimeona kwa macho yangu, akabana chaa! Wa Njiapanda kasikia, kajifungia mwenyewe, anasema amefiwa. Sasa bwana yule anakuja huku kwa Shangazi, anatembea pole pole anakwepa matope."

Brashi akaketi. "Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliwapaka chokaa."

Mama Pacha akashusha sanduku. Brashi alingoja matusi, alijua yako mengi ya akiba. Lakini mkewe alifungua kabati, akatoa lile kopo dogo jekundu, akalipiga juu ya meza.

"Hii haiondoki na mvua?"

"Mama Pacha, hiyo ni ya mlango wako..."

"Mlango umengoja, utangoja. Sheria mimi naipenda, umesikia? Naipenda sana. Lakini Shangazi ndiye aliyenishika mkono pacha wanatoka, wewe ukiwa unachora jino la mtu. Beba ngazi!"

Wakakimbia, yeye na ngazi, mkewe na kopo. Walipofika kwa Shangazi mkaguzi alikuwa bado haonekani, ila watoto wa barabarani walikuwa tayari wanaigiza mwendo wake. Brashi hakupiga uzi wa chaki. Alipanda na kuanza kuandika kwa nyekundu juu ya ukuta, huku wanywaji wakimiminika nje na glasi zao.

"We! Unafanya nini? Si imefutwa?"

"Haikufutwa!" Brashi alipiga kelele bila kugeuka. "Ni mvua! Niliandika na chokaa! Makusudi! Mkaguzi yuko njiani na kufuli!"

Watu waligeuka kumtazama Mwalimu. Mwalimu alivaa kofia.

"Ukiangalia kwa undani..." alianza.

"Usiangalie!" alisema Fundi Saa.

Shangazi alisimama mlangoni, kitambaa cha kufutia glasi begani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Nilikuuliza," alisema. "Nikakuuliza kama ni ile ile yangu."

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

Brashi alikuwa na sifuri ya kumalizia. Shangazi akageukia wateja.

"Ndani wote! Kila mtu aongeze pesa ifike bei mpya, upesi!"

Wakaingia, wakajipapasa mifukoni. Palikuwa na huzuni ya kutosha. Hakuna aliyekuwa na kitu. Walikuja na pesa ya bei ya zamani na waliitoa. Ndipo Fundi Saa, ambaye kazi yake ilimzoesha kufikiri kwa vitu vidogo, akainua glasi yake usawa wa macho, akaomba chupa, na kwa mkono uliotulia kuliko wakati wowote akairudisha pombe ndani ya chupa, tone kwa tone, mpaka kilichobaki glasini kilikuwa kile ambacho pesa yake ingeweza kununua kwa bei ya serikali. Kidole kimoja cha chini.

"Nimelipia hiki," alisema. "Kingine sikukinunua."

Mlango wa akili ukafunguka. Wakapanga foleni mbele ya chupa kama watu wanaorudisha mali ya wizi, kila mmoja anarudisha kinywaji chake kilichokwisha kuonjwa, Shangazi ameshika chupa anageuza uso pembeni asione. Aliyekuwa amekunywa zaidi ya alicholipia aliketi na glasi tupu, akaambiwa atulie, hana haki ya kusema kitu.

Mkaguzi alipoingia alikuta baa imejaa, watu wametulia, kila mtu amekaa mbele ya glasi yenye tone la kulowanisha ulimi. Wengine walikuwa wanalitazama tu. Alizunguka kaunta nzima, na uso wake ukaanza kulainika.

"Hiki ndicho unachokunywa, mzee?" alimuuliza Fundi Saa.

"Hiki kinanitosha hadi jioni, bwana."

"Tangu ile sheria?"

"Tangu ile sheria," alisema Mwalimu kwa sauti ya mtu aliyeokoka, "tumegundua kwamba harufu peke yake inatosha."

Mkaguzi aliguswa. Alikuwa ametembea wilaya nzima akitukanwa, na hii ndiyo baa ya kwanza iliyomwelewa. Akatoka nje kutazama ukuta. Akanyoosha kidole kugusa herufi, kikarudi chekundu.

"Mbona mbichi?"

"Tunaipaka upya kila mvua ikinyesha," alisema Mama Pacha, aliyekuwa ameshika ngazi na hajaulizwa. "Tunaiheshimu."

Mkaguzi akafuta kidole kwa leso, akamwambia Shangazi amefurahi sana, akaondoka na kufuli lake akilichezesha. Alipopotea kwenye kona, baa haikushangilia. Waligombania ile chupa.

Lakini Shangazi hakuwa amesahau. Brashi alipoingia na kusimama mahali pake pa siku zote, Shangazi alifuta kaunta hadi akamfikia, akafuta na pale mbele yake, pakavu, hakuweka kitu.

"Niliahidi rangi ikidumu, glasi ipo," alisema. "Nami sikuwahi kukupunja hata siku moja. Wewe ndiye uliyepaka chokaa."

"Kweli, Shangazi."

"Nenda nyumbani, baba."

Akaenda. Alienda pia gereji, akaandika bei upya bila kudai kitu, mpaka kufuli likatolewa. Njiapanda naye, msiba wake ulipokwisha. Jioni alikaa kibarazani kwake akitazama mlango usio na rangi. Glasi yenyewe haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kupita mbele ya Kwa Shangazi na kuambiwa "habari za jioni" kama mpita njia.

Mvua ikarudi. Ikanyesha siku nzima na usiku wake. Asubuhi Brashi alikwenda kutazama, hakuweza kujizuia. Wekundu ulikuwa palepale. Akaukwaruza kwa ukucha, pembeni ya sifuri, haukutoka. Akakwaruza kwa nguvu zaidi.

"Unaharibu ukuta wangu," ilisema sauti nyuma yake.

Shangazi alikuwa amesimama na ufagio. Naye akaja, akakwaruza kwa ukucha wake mwenyewe. Haukutoka. Akaingia ndani, na baada ya muda akamwita. Kaunta palikuwa na glasi moja, na Shangazi alikuwa anatoa pesa kwenye mfuko wa aproni yake. Aliitia ndani ya droo ya mauzo, akaifunga droo kwa kishindo ili wote waliomo wasikie.

"Nimemnunulia mtu wangu. Bei kamili ya serikali. Kuna mwenye swali?"

Mwalimu alikuwa nalo, lakini alikanyagwa mguu.

"Sikiliza wewe," alimwambia Brashi. "Siku ya mvua tu. Mvua inyeshe, nije nikwaruze, rangi isitoke, hapo una glasi. Kukiwa na jua, habari za jioni."

"Nimeridhika."

"Hujaulizwa kama umeridhika."

Tangu siku hiyo hakuna mtu mtaani aliyejua mawingu kama Brashi. Wakulima walimwuliza. Aliweza kukuambia kwa kunusa upepo, na akikuambia hainyeshi, sauti yake ilikuwa ya kufiwa.

Halafu kiangazi kikaja, na mwaka ule kilikuwa kirefu. Anga liliwaka, wiki baada ya wiki. Baadaye ilijulikana kwamba Brashi, kwa kukosa cha kufanya jioni, alinunua kopo jekundu, lile zito, akapiga msasa ule mlango wa vibanzi, akaupaka mara mbili, ndani na nje, akachora na ua katikati ambalo hakuna aliyemwomba.

Mama Pacha alirudi kutoka sokoni akasimama mbele yake. Alinyoosha ukucha, akakwaruza pembeni ya ua, akatazama ukucha.

"Haitoki," alisema.

"Haiwezi kutoka."

"Ingia ndani basi. Chai iko mezani, na kesho iko, na keshokutwa. Mvua isinyeshe hata kidogo, mimi sina shida."